Mcheza Ngoma wa Kushoto Hajapata Mwendo

Itaosy, Antananarivo
Jumapili, 13 Agosti 2023

Mpendwa Baba mdogo Ndriana,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na za wote waliomo humu ndani, pamoja na kuku wawili wa Mama waliohamia jikoni kwa sababu ya baridi na sasa wanajiona wenye nyumba. U hali gani huko ng'ambo, Saint-Pierre? Magoti yanasemaje? Mama mdogo Ginette ameshapona kile kikohozi? Nijibu kwa ukweli tafadhali, si kama mara ile ulipotuandikia "mafua kidogo tu", halafu tukaja kusikia kwa watu kwamba ulilazwa.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni ya kuadhibu watu. Asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba ya mpunga hata huoni mlango wa jirani, na anayechelewa kutoka anakuta vitumbua vimekwisha. Baba na Mama wako kwangu tangu walipomaliza mavuno. Nyonga ya Baba bado inamsumbua. Daktari amemkataza kulima, kubeba na kupanda ngazi. Kulalamika hakumkataza, kwa hiyo kazi hiyo anaifanya kwa bidii. Lakini anakula, analala, na maji yake ya ukoko, yale ya kuchemshiwa kwenye sufuria la wali, anayataka ya moto wa kuunguza ulimi kama zamani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kama inavyotakiwa. Radhi kwako uliye baba yangu, radhi kwa Mama mdogo, radhi kwa kila aliye mkubwa kuliko mimi atakayesomewa barua hii. Mimi ni mdogo na sistahili kusema kwanza. Lawama naiondoa kabla haijanikalia. Na leo naomba radhi kwa moyo zaidi kuliko kawaida, kwa sababu utakayosoma hapa chini, na utaona mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii: ninatengeneza gemu ya kompyuta.

Usicheke. Unajua miaka yote hii nimekuwa ofisini napaka rangi katuni za watu wa ng'ambo. Wakituletea sungura, tunampaka. Wakituletea mbwa mwenye kofia, tunampaka. Mwisho wa filamu majina yetu yanapita mbio hata mama mzazi hawahi kulisoma la mwanawe. Sikunung'unika, kazi ni kazi na imenijengea nyumba. Ila mwaka huu nilichoka na sungura wa wenzangu, nikataka kitu changu mwenyewe kabla macho hayajaniishia.

Ofisini nakaa meza moja na msichana anaitwa Mialy. Ana ulimi mwepesi, kichwa chepesi zaidi, na Jumamosi anatufundisha, mimi na wengine, kutumia injini ya gemu. Najua wewe umeyamaliza maisha yako chini ya malori, kwa hiyo usije ukaniuliza inatumia dizeli au petroli. Ni programu tu. Unaiingizia picha, sauti, na watu uliowachora na kuwatia mifupa, kisha unaipa kanuni: huyu akibonyezwa hapa aruke, yule akigusa ukuta asimame. Yenyewe inavishika vyote pamoja na kuviendesha. Tunayotumia sisi ni ya bure, mtu yeyote anaishusha mtandaoni, ilimradi mtandao wa Itaosy uwe umeamka vizuri siku hiyo.

Siku ya kwanza nilijiona fundi. Nilikuwa nimechora uwanja mzuri, vumbi jekundu, ukuta wa udongo, miti miwili ya mikaratusi. Nikamweka mtu wangu katikati, nikabonyeza aanze. Baba mdogo, yule mtu alizama ardhini akapotea! Nikamrudisha, akazama tena. Mialy alikuwa anacheka mpaka anashika meza. "Dada Onisoa, ardhi yako ni picha tu. Hujaiambia kwamba ni ngumu." Kumbe humo ndani hakuna kitu kinachojua kazi yake mpaka ukiambie. Ardhi uiambie ibebe, ukuta uuambie uzuie, kofia uiambie ifuate kichwa. Hiyo kofia niliisahau, mtu akaruka, kofia ikabaki pale pale hewani ikimngoja. Nilipomsimulia Baba alisema, "Basi humo ndani wewe ndiye Mungu, tena Mungu msahaulifu," akarudi kwenye redio yake.

Kuuliza si ujinga, nami niliuliza mpaka Mialy akanikimbia wakati wa chakula. Baada ya muda mtu wangu akajifunza kusimama, kutembea, kuruka na kutua. Ndipo Mialy akatuuliza mmoja mmoja kila mtu anataka kutengeneza gemu ya nini. Wenzangu walikuwa na magari ya mashindano, na watu wa kwenye nyota wenye bunduki za mwanga. Mimi nikajikuta nimesema bila kufikiri: ngoma ya baba yangu na mdogo wake.

Ndiyo, ni hira gasy, Baba mdogo, kama ilivyo uwanjani kwetu. Vikundi viwili. Kimoja kinaimba na kucheza, kingine kinajibu, na umati ndio hakimu. Mwisho wake hakuna aliyekufa wala kupigwa risasi, kuna aliyeshangiliwa zaidi tu. Wanawake wanazo shuka zao mabegani, wanaume koti jekundu na kofia ya ukindu, fidla na tarumbeta zipo. Na mbele ya kikundi chetu nimeweka wacheza ngoma wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mlivyokuwa ninyi.

Lakini ngoma ile si yangu, ni yenu. Na kwetu mtu hachukui kitu cha wakubwa akakipeleka mbele za watu bila kunyunyiziwa maji ya baraka kwanza. Tarehe mbili Septemba kuna maonyesho mjini, watu kama sisi wanaweka meza na kompyuta zao, na kila apitaye anajaribu gemu. Mialy ameshatuandikishia meza. Nikaapa moyoni: Baba akinibariki nitaonyesha. Asiponibariki, narudi kwa sungura na sitasema neno.

Basi siku moja baada ya chakula cha mchana nikamwita. Akavaa miwani, akakaa, Mama akasimama nyuma yake na mwiko mkononi. Nikabonyeza. Ngoma kubwa ikalia, na yule wa koti jekundu akaruka juu akatua na kupiga vumbi. Nilikuwa nimemaliza wiki nzima kwenye lile vumbi. Baba akavua miwani, akaikunja.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi siruki mbele ya watu ambao sijawaomba radhi. Huyo ni mhuni kaiba koti langu."

"Na vifungo hajafunga," Mama akaongeza.

Nikajaribu kujitetea. Nikamweleza tulivyofundishwa, kwamba mcheza gemu lazima apewe kitu cha kufanya mara tu anapofungua, la sivyo anachoka na kuondoka. Baba akanitazama kama ninamsimulia habari za wendawazimu. "Basi aondoke! Kwani nani kamwita? Mtu anaingia uwanjani, wazee wamekaa, akina mama wamekaa, hata wale wa kikundi cha pili wamekaa, yeye anarukaruka tu kama panzi. Unataka nibariki nini hapo? Utovu wa adabu?" Akaomba redio yake.

Sikufichi, nilikasirika. Siku hiyo masufuria yalioshwa kwa kelele, na Mama akanionya kwamba yale ni ya alumini ya Ambatolampy, hayapasuki lakini yanabonyea. Nilipopoa nikaona aibu. Mimi niliyekulia pembeni mwa uwanja ule, niliyelala mapajani mwa Mama huku msemaji wa kikundi akiomba radhi mpaka jua linahama, nilikuwa nimejenga uwanja mzima, nimeweka vumbi, nimeweka mikaratusi, na msemaji nimemsahau. Mgeni angeweza kusamehewa. Mimi la.

Nikaanza upya. Sasa gemu haianzi kwa kuruka. Anaanza msemaji, mzee mwembamba mwenye fimbo, na mcheza gemu ndiye anayemwongoza kuomba radhi. Inabidi autazame umati vizuri na kuwakumbuka wote kwa mpangilio: kwanza waliotangulia waliolala ardhini, halafu wazee, halafu akina mama, halafu wapinzani, mpaka watoto waliopanda ukutani. Ukimsahau mtu, au ukimtanguliza asiyestahili, anakunja mikono na kukugeuzia mgongo, na hakupigii makofi mpaka mwisho hata ucheze namna gani.

Mialy alipoiona alishika kiuno. "Yaani dada, mtu anaomba msamaha kabla hajakosa?"

"Ndiyo."

"Watalala."

"Walale."

Jumamosi iliyofuata akaipeleka darasani, nadhani ili nijifunze kwa aibu. Kulikuwa na jamaa mmoja wa ndevu, mtu mzima na heshima zake, anatengeneza gemu ya vifaru vya vita. Alikaa kwenye kiti changu, akaomba radhi haraka haraka, akaingia kucheza. Nusu ya umati ikamgeuzia mgongo. Akaanza upya. Akaanza tena. Mara tunamsikia anapiga kelele: "Bibi wa nyuma! Nimemsahau bibi wa nyuma! Bibi, nisamehe, geuka!" Darasa zima likamzunguka, kila mtu anamwelekeza nani amesahauliwa, wanagombana nani mkubwa kati ya mpiga fidla na mke wa msemaji. Walikuwa hawataki hata kufika kwenye ngoma. Mialy akaniangalia, akasema, "Haya, nimekaa kimya," na kwa Mialy hilo ni jambo kubwa.

Nikamwita Baba tena. Safari hii hakuvua miwani. Alimsikiliza msemaji mpaka mwisho, akanirekebisha sehemu mbili (mpiga tarumbeta haombwi radhi kabla ya bibi, "kwani tarumbeta imemzaa nani?"), kisha akanyosha kidole chake kilichopinda kuelekea yule wa kulia. "Sasa huyo mkono wake ni wa nani? Mimi sijawahi kuwa na mkono huo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, Baba mdogo, na hapo ndipo furaha ilipoanza. Baba hawezi tena kuruka, unajua, lakini mabega na mikono yake iko vile vile. Anakaa kwenye kigoda uani, kwenye jua, anacheza kwa kiuno kwenda juu. Mimi namchukua video kwa simu, halafu nakaa kwenye kompyuta namfuata picha kwa picha, nazungusha mfupa wa bega, wa kiwiko, wa kifundo, wa kila kidole. Ni kazi ya haba na haba. Siku nzima unapata mkono mmoja kuinuka na kushuka. Naye anasimama nyuma yangu na fimbo yake. "Bega, wewe mtoto, bega! Mkono ni mgeni tu, mwenye nyumba ni bega!" Nikamwelewa, na yule mtu wa kulia akaanza kuwa Baba. Siku ya kwanza alipoinua mikono yote miwili vizuri, Mama aliweka chini ungo wa mchele akasema, "Mungu wangu, ndiye yule aliyenidanganya."

Tangu hapo Baba amebadilika. Anaamka mapema. Kabla hajanidai shikamoo yake anauliza kama "mtu wake" amelala salama. Mama analalamika kwamba miaka yote ameishi na mwanamume mmoja, sasa wamekuwa wawili, na wote wawili hawaoshi vyombo. Lakini anayasema akitabasamu, na kitoza, ile nyama yake ya kukausha, kimeanza kuletwa uani bila kuombwa.

Sasa nakuja kwako.

Kwenye injini hii, mtu mwenye mifupa ambaye hujampa mwendo anasimama wima na mikono imenyoshwa pembeni, kushoto na kulia, mpaka umfundishe jambo. Yule wa kushoto alikuwa amesimama hivyo siku zote, maana nilikuwa nashughulika na wa kulia. Siku moja Baba akamtazama muda mrefu, akasema:

"Mbona Ndriana amesimama kama sanamu la kutishia ndege?"

Nilikaribia kuangusha kikombe. Baba mdogo, mimi sijui yaliyopita kati yenu, nilikuwa mtoto, na sikuandikii kukulaumu. Ninachojua ni kile tulichojua watoto wote: kwamba ulivuka bahari kwenda kisiwa hicho mnachokaa bila kuaga, hukuinamisha kichwa mbele ya maji ya kaka yako, na msimu ule Baba aliingia uwanjani peke yake, upande wa kulia tu, na wa kushoto mtupu. Tangu siku ile hakulitaja jina lako. Ulikuwa "yule wa ng'ambo". Barua zako anasomewa na Mama, anasikiliza akiangalia dirishani. Na sasa jina limemtoka hivi hivi, kama mtu anayeitisha chumvi.

"Hajapata mwendo wake, Baba," nikamjibu.

"Hata ujanani ndivyo alivyokuwa. Mpaka umpige teke." Akacheka, Baba mdogo. Alicheka mpaka akakohoa, Mama akaja kumpigapiga mgongoni.

Mialy alikuja kututembelea wikendi ile akasema wa kushoto si kazi hata kidogo. Unachukua mwendo wa kulia, unaunakili, unaugeuza kama kwenye kioo, basi. Akafanya pale pale, mkono mmoja akila koba, ile keki ya karanga. Tukaona watu wawili wa koti jekundu wanainuka pamoja na kushuka pamoja, safi, bila kasoro. Mama akapiga makofi. Mimi nilitokwa na machozi, nasema kweli. Baba akaomba arudishiwe mwanzo, akatazama tena, akatingisha kichwa.

"Huyo si Ndriana. Huyo ni mimi, mmenigeuza tu."

"Lakini Mzee, si ngoma ni moja?" Mialy akauliza.

"Ngoma ni moja, watu ni wawili. Ndriana alikuwa anachelewa. Mimi nainua mkono, yeye anangoja kidogo, pumzi tu, ndipo anainua wake. Unadhani watu walikuwa wananipigia makofi mimi? Walikuwa wanaingoja ile pumzi."

Mialy hashindwi upesi. Akamchelewesha yule wa kushoto kidogo, akatuonyesha. Baba akakataa. Akamchelewesha zaidi, akampunguza, akamchelewesha tena. Mwishowe Baba akamshika bega kwa upole. "Mjukuu wangu, huyu anachelewa kama mtu aliyesinzia. Ndriana alichelewa kama mtu anayejua kwamba utamsubiri. Mwondoe." Mialy akamwondolea mwendo, na mtu wa kushoto akarudi kusimama na mikono yake wazi.

Nikamwomba Baba anionyeshe yeye mwenyewe ulivyokuwa unacheza. Akasema hajui. Nikamwambia, Baba, mmecheza bega kwa bega tangu utotoni, utakosaje kujua? Akanijibu taratibu, na maneno haya nayaandika kama alivyoyasema: "Ndiyo sababu sijui. Sikuwahi kumwangalia. Nilikuwa najua tu kwamba yupo."

Baada ya hapo siku kadhaa hakumuulizia mtu wake, nami nikaogopa. Nilidhani nimegusa kidonda, na kwamba baraka nimeikosa. Nilianza hata kufikiri namna ya kumwambia Mialy afute meza yetu ya maonyesho. Wala sikumwona Baba akikasirika. Angekasirika ningejua la kufanya.

Jana asubuhi akaniita. Alikuwa amevaa shuka lake jeupe, lile la sherehe, na amenyoa ndevu. Mama alikuwa ameshika bakuli la maji. Akaniambia niwashe kompyuta, niifungue gemu, kisha nipige magoti. Nikapiga magoti. Akaniombea kwa waliotangulia, akaniombea macho yangu na vidole vyangu, akaomba watakaokuja kuitazama kazi hii wakumbuke wazee wao. Akachovya mkono akaninyunyizia maji kichwani, ya baridi ya Agosti, Baba mdogo, yaliniingia mpaka mgongoni, na sijawahi kufurahia baridi namna ile.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nainuka. Naye akachovya mkono tena, akageukia mezani, na sikuelewa anataka kufanya nini mpaka nikasikia sauti yake imebadilika.

"Na wewe mdogo wangu uliyeondoka bila maji, pokea. Nenda salama. Urudi salama."

Akamnyunyizia yule wa kushoto, kwenye skrini, kwa mkono uliojaa.

Nilipiga kelele, nikaruka na kanga ya Mama, lakini maji yalishaingia kwenye kibodi. Ndiyo maana unapata barua ya mwandiko wangu mbaya: kompyuta imelala ndani ya gunia la mchele ikauke, na Mama anauliza tutakula nini. Usiogope, kazi yote Mialy anayo nakala yake. Nilimwambia Baba kwamba mashine hizi hazipatani na maji. Alisema kitu kinachoharibiwa na baraka hakikuwa kizima tangu mwanzo, akaenda zake kuota jua. Hana majuto hata chembe.

Basi mimi nimepata baraka yangu, na wewe umepata yako, utake usitake. Sasa nakuomba kwa magoti haya haya yaliyopigwa jana. Mwambie binti yako Élodie akuchukue video kwa simu yake, uani kwenu, mchana kuwe na mwanga. Vaa mikono mifupi ili nione viwiko. Magoti yakikataa, kaa kwenye kigoda, kaka yako naye amekaa. Nimekutumia kwenye simu ya Élodie sauti ya fidla, na ngoma ya Baba wa kulia, ili umwone anapoinua mkono. Usifanye mazoezi, usijisahihishe, na tafadhali sana, usijaribu kuwahi.

Nilimwuliza Baba tutafanyaje kama video yako haijafika mpaka siku ya maonyesho. Nilimweleza kwamba watu wataona mmoja anacheza na mwingine kasimama tu na mikono imenyoshwa, watadhani gemu ni mbovu, wataniuliza kuna nini. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua hata kichwa.

"Waambie anakuja. Huwa anachelewa."

Mama anakusalimu sana na anasema kitoza cha kukutumia kimeshakauka, anatafuta tu msafiri mwaminifu asiyependa nyama. Msalimie Mama mdogo Ginette, mwambie awe anafunika kifua. Msalimie Élodie na ndugu zake wote. Mialy naye anakuamkia ingawa hamjaonana. Anasema anataka kuiona hiyo pumzi kwa macho yake. Mungu na waliotutangulia wakulinde mchana na usiku, magoti yako yakubebe kila unapotaka kwenda, na hasa huku.

Mwanao akupendaye,
Onisoa